Kumsikiliza John Prine, albamu kwa albamu: mwongozo kamili

Kama ulikulia Kenya katika nyumba yenye redio, huenda umeshamsikia John Prine bila kumjua. Mwaka 1983 Don Williams, yule bwana wa kofia na sauti nzito ambaye kwetu hata asiyejua Kiingereza anaimba naye, alifika kileleni mwa chati ya muziki wa country Marekani kwa wimbo "Love Is on a Roll". Wimbo huo uliandikwa na watu wawili, Roger Cook na John Prine. Mimi nilimfikia Prine kwa mlango huo huo. Nilikuwa na kaseti ya Don Williams iliyokuwa ya marehemu baba, na siku moja niliipeleka dirishani nisome maandishi madogo yaliyokuwa chini ya majina ya nyimbo. Jina la pili sikulijua. Nikaenda kulitafuta.

Nilianza vibaya. Nilichukua mkusanyiko wa nyimbo zake maarufu, nikaucheza nikiwa nafua nguo, nikaona ni mzee mwenye sauti ya kukwaruza na gitaa lisilo na makeke. Nilipoteza karibu mwaka mzima kabla ya kurudi. Mwongozo huu ni wa kukuokolea mwaka huo. Prine hakuandika nyimbo za kupita masikioni. Aliandika habari za watu, na watu hao wanaishi ndani ya albamu kama majirani wa mtaa mmoja. Ukimtoa mmoja mmoja, wanapungua.

Hatua ya 1: Mjue ni nani, kisha andaa vifaa

Alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1946 huko Maywood, mji wa wafanyakazi wa viwandani magharibi ya Chicago. Wazazi wake walitoka Muhlenberg, wilaya ya makaa ya mawe katika jimbo la Kentucky, na nyumbani walisikiliza country. Kaka yake Dave alimfundisha gitaa akiwa na miaka 14. Akaingia jeshini, akapelekwa Ujerumani Magharibi kutengeneza magari wakati wenzake wakipelekwa Vietnam. Aliporudi akawa mpeleka barua. Nyimbo nyingi za mwanzo alizitunga akitembea na mfuko wa posta begani, nyumba hadi nyumba, na kwenye baridi kali akijibanza ndani ya sanduku kubwa la kuhifadhia barua ale mkate wake. Kazi hiyo ikumbuke kila unapomsikiliza. Mpeleka barua huona milango yote ya mtaa, hajui yote yaliyo ndani, lakini anajua nani hapati barua.

Kuhusu vifaa, usitumie spika ya simu. Prine anapiga gitaa kwa kuchuna: kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nzito bila kusimama, vidole vingine vinacheza wimbo juu yake. Aliyewahi kumsikia Mwenda Jean Bosco wa Katanga au George Mukabi anaujua utamu wa gumba linalotembea hivyo, ingawa mkono wa kila mmoja ni tofauti. Spika ya simu inalimeza gumba lote, na ukikosa gumba umekosa mwendo wa wimbo. Hedifoni za bei ya kawaida zinatosha. Pakua albamu nzima ukiwa na intaneti ya bure au bando la usiku, kisha zima data, ili ujumbe wa watu usikukate katikati ya ubeti.

Jambo la mwisho kabla hujaanza: zima ile sehemu ya programu inayochanganya nyimbo. Mpangilio wa nyimbo ndani ya albamu hizi si wa bahati nasibu.

Hatua ya 2: Ipe albamu ya kwanza wiki nzima

Inaitwa jina lake tu, "John Prine", ya mwaka 1971. Ina nyimbo 13. Alipoirekodi alikuwa hajafika miaka 25 na hakuwa amezoea kabisa studio. Karibu zote zilirekodiwa Memphis, katika studio ya American Sound, chini ya mtayarishaji Arif Mardin.

Albamu hii isikilize kwa mizunguko mitatu, siku tofauti.

Mzunguko wa kwanza, usisome maneno. Kaa tu, sikiliza sauti. Utaona nyimbo nyingine zina kinanda na ngoma, nyingine zimebaki na gitaa. Weka alama kwenye zilizokugusa, hata kama hukuelewa zinasema nini. Kiingereza chake si kigumu kwa maneno, lakini kimejaa misemo ya mtaani, majina ya vitu vya Marekani ya miaka ile na mafumbo, kwa hiyo usijilaumu.

Mzunguko wa pili, soma maneno huku wimbo unacheza. Jiulize swali moja kwa kila wimbo: anayesema ni nani? Hapa ndipo Prine anapofunguka. Katika "Angel from Montgomery", kijana huyu wa posta anaanza kwa kusema yeye ni mwanamke mzee aliyepewa jina la mama yake. Hatoi maelezo wala haombi ruhusa. Anasimama jikoni kwa mwanamke aliyechoka na ndoa, nzi wanalia, mume anarudi jioni bila neno la kusema. Bonnie Raitt aliurekodi mwaka 1974 na watu wengi wakadhani ni wake. Sikiliza kwanza wa Prine, kisha wa Raitt, utajua kwa nini.

Mzunguko wa tatu, chagua wimbo mmoja ukae nao. Mimi ningekupa "Hello in There".

Utotoni Prine alipeleka magazeti kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliingia chumba hadi chumba, na baadhi ya wazee walijifanya mbele ya wenzao kuwa huyo mtoto ni mjukuu au mpwa aliyekuja kuwatembelea. Baadaye akatunga wimbo huu, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Msemaji ni mzee. Anasema yeye na mkewe Loretta waliwahi kukaa mjini. Watoto wamekua wakaenda zao. Mmoja, Davy, walimpoteza kwenye vita vya Korea, na baba anasema mpaka leo hajui ilikuwa ya nini, kisha anaongeza kuwa hata hivyo haidhuru tena. Hapo simama. Rudisha nyuma sekunde kumi. Sikiliza jinsi Prine anavyolisema lile la mwisho bila kupandisha sauti wala kuvuta silabi kama wanaolilia wasikilizaji. Analisema kama mtu anayeweka kikombe mezani. Halafu mzee anafikiria kumpigia simu Rudy, mwenzake wa zamani kiwandani, lakini akiulizwa habari atajibu nini? Hakuna jipya, na wewe? Hakuna. Kwetu salamu ni kitu kikubwa, mtu hupita nyumba ya jirani na kuuliza za tangu jana hata kama hana haja. Ndiyo maana naona wimbo huu unamfikia Mswahili haraka kuliko wengi wa kwao: kilio chote ni cha mtu anayengoja kubishiwa hodi.

"Sam Stone" ni wa pili wa kukaa nao, lakini uwe tayari. Ni habari za askari aliyerudi kutoka vita vya ng'ambo na nishani pamoja na uraibu wa dawa za maumivu. Anayesimulia kiitikio ni mtoto, na anaeleza umaskini wa nyumba kwa akili ya kitoto: kuna tundu kwenye mkono wa baba, na pesa zote zinaingilia humo. Nyuma yake kuna kinanda kama cha kanisani, kimetulia kama kiko msibani. Ukiwa na watoto wadogo chumbani, huu usikilize peke yako kwanza.

"Paradise" ni kinyume chake kwa sauti, si kwa uzito. Haukurekodiwa Memphis na wenzake bali New York. Masikio yako yatakuambia: hakuna ngoma, kuna magitaa na fidla ya kaka yake Dave, na mwendo ni ule wa moja-mbili-tatu wa kuyumba. Paradise kilikuwa kijiji kando ya Mto Green huko Muhlenberg, kwao baba yake. Kampuni ya makaa ya mawe ilichimba ardhi ya eneo hilo kwa kuipasua kutoka juu, na kijiji kikaisha. Prine aliutunga kwa ajili ya baba. Alipompelekea mkanda kabla albamu haijatoka, mzee aliinuka akaenda kukaa chumba cha pili gizani, ausikie kwa mbali, ajifanye unatoka kwenye mashine ya muziki ya baa. Mwaka ule ule wa 1971 akafariki. Ukipiga gitaa kidogo, huu ndio wa kuanza nao. Una mishiko mitatu tu.

Nyimbo nyingine za albamu hii utazipata mwenyewe. Niongeze tu kwamba "Donald and Lydia" wengi huuruka, nami naomba usiuruke.

Hatua ya 3: Ruka miaka 47

Baada ya hiyo wiki, usiende albamu ya pili. Nenda ya mwisho: "The Tree of Forgiveness", ya 2018. Ni fupi, nyimbo 10, hazifiki dakika 35, unaweza kuzimaliza kwenye matatu kabla ya kushuka.

Utashtuka kwa sauti. Mwanzoni mwa 1998 Prine alifanyiwa upasuaji wa saratani shingoni, akapigwa na mionzi, na sauti ikashuka ikawa ya changarawe. Mwaka 2013 akapatwa na saratani ya pafu la kushoto. Ili apate pumzi ya kurudi jukwaani, alikimbia kupanda na kushuka ngazi za nyumbani, kisha hapo hapo anashika gitaa na kuimba nyimbo mbili akiwa bado anahema. Sauti unayoisikia 2018 imepitia hayo yote.

Sababu ya kuruka ni hii. Mwaka 1971 kijana alijifanya mzee. Mwaka 2018 mzee kweli anaimba, na anaimba kwa wepesi kuliko yule kijana. "Summer's End" sikiliza usiku. Kiitikio chake ni mwaliko tu wa mtu kurudi nyumbani, hakuna la kufasiri. "When I Get to Heaven" unafunga albamu kwa mzee anayepanga atakachofanya akifika mbinguni: atamshukuru Mungu, atafungua klabu, atavuta sigara ya urefu wa maili tisa, atawatafuta mashangazi zake, ndugu za mama. Beti anazisema kama mazungumzo, kiitikio anakiimba, na mle ndani kuna kijifilimbi cha mdomoni kinachozumbua kama nyuki. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilikuwa nimetoka kuzika, na sikucheka, lakini nilifarijika.

Albamu hii ilizaliwa kwa ukaidi wa familia. Mkewe Fiona na mwanawe Jody, waliokuwa wakisimamia kazi zake, walimpeleka hoteli moja ya Nashville akae wiki nzima na masanduku ya maneno yaliyobaki nusu nusu pamoja na magitaa. Alikuwa hajatoa albamu ya nyimbo zake mpya kwa miaka 13. Ilipotoka iliingia nafasi ya 5 kwenye chati kuu ya Billboard, ambako hakuwahi kufika tangu aanze.

Sasa rudi usikilize "Hello in There" ya 1971 mara moja. Halafu endelea.

Hatua ya 4: Miaka ya 1972 na 1973

"Diamonds in the Rough" (1972) ni kavu kuliko ya kwanza, magitaa zaidi, Kentucky zaidi. Kaka Dave yumo, rafiki yake Steve Goodman yumo. Anza na "Souvenirs": magitaa mawili yanazungumza, la Prine na la Goodman, na kwa muda utashindwa kujua lipi linaishia wapi. Wimbo wa mwisho, ulioipa albamu jina, ni wa zamani wa familia ya Carter, waimbaji wa country wa enzi za mwanzo. Unaimbwa bila chombo hata kimoja.

"Sweet Revenge" (1973) ina bendi, ina makali na ina kicheko. "Please Don't Bury Me" ni wosia wa mtu anayetaka viungo vyake vigawiwe wenye shida badala ya kuzikwa. "Christmas in Prison" ni wimbo wa mapenzi unaotoka gerezani. Usikilize mchana wa jua kali kisha usikilize tena Desemba. "Grandpa Was a Carpenter" ni picha ya babu fundi seremala, na mtu yeyote aliyekuwa na babu fundi ataikuta harufu ya randa humo.

Hatua ya 5: "Bruised Orange", taratibu

Hii ya 1978 naipenda kuliko zote, na sitaficha. Iliandaliwa na Goodman mwenyewe, Chicago.

Tangu uanze umekuwa ukimkuta Goodman, kwa hiyo ni vizuri umjue. Ndiye aliyemvuta mwimbaji mashuhuri Kris Kristofferson usiku wa manane mwaka 1971 kwenda klabu ambako Prine alikuwa ameshamaliza kazi, viti vimepinduliwa juu ya meza, ili amsikilize. Kristofferson akawafungulia wote wawili mlango. Goodman alikuwa na saratani ya damu tangu ujanani, alilijua hilo, na alifariki Septemba 1984 akiwa na miaka 36. Anapokaa kwenye kiti cha mtayarishaji 1978, anamfanyia rafiki yake kazi akijua muda wake si mwingi.

Wimbo wa kushughulika nao ni "Bruised Orange (Chain of Sorrow)". Prine alipokuwa kijana alifanya kazi ya kufagia theluji kanisani. Asubuhi moja akiwa njiani aliona watu wamekusanyika kwenye reli: mvulana mtumishi wa altare aliyekuwa akienda kanisani alikuwa amegongwa na treni. Haikujulikana mara moja ni mtoto wa nani. Akina mama wa mtaa ambao watoto wao hawakuonekana walisimama pale wakingoja. Kisha mmoja akajua, na wengine wakashusha pumzi kwa nafuu.

Sasa fungua wimbo. Gitaa linaanza peke yake, mchuno wa upole. Ubeti wa kwanza una tukio hilo, kwa mistari michache tu. Halafu kiitikio, badala ya kulia, kinamwambia msikilizaji kwamba anaweza kutazama nje dirishani, akakasirika na kuzidi kukasirika, lakini hasira haisaidii, na mtu hujifunga mwenyewe katika mnyororo wa huzuni. Angalia vitu viwili. Kwanza, gitaa haliongezi kasi wala sauti linapofika kwenye treni; mkono unabaki vile vile, na utulivu huo ndio unaokukaba koo. Pili, akina mama hawatajwi kwenye wimbo, lakini kile kilichomkaa moyoni Prine ni ile pumzi waliyoshusha. Yeye hawalaumu, hawasifu. Aliwaona tu.

Baada ya hapo albamu inakupa "Fish and Whistle" na "That's the Way That the World Goes 'Round" ukacheke. Kwa Prine kicheko na msiba ni majirani wanaokopeshana chumvi, na hapa ndipo wanapoishi karibu zaidi.

Hatua ya 6: Albamu tatu za kupitia haraka

"Common Sense" (1975) iliandaliwa na Steve Cropper, yule mpiga gitaa wa Memphis. Ina vyombo vingi hadi maneno yanabanwa. "Pink Cadillac" (1979) ni rock ya zamani ya Memphis, sauti imezamishwa makusudi chini ya bendi. "Storm Windows" (1980) ni nzuri kuliko inavyosemwa, hasa wimbo wenye jina la albamu. Sikiliza kila moja mara moja, chukua unachokipenda, songa mbele. Usikwame hapa ukadhani umefika mwisho wa Prine. Wengi huishia hapa.

Hatua ya 7: Alipojitegemea

Mwaka 1981 Prine na meneja wake Al Bunetta walianzisha lebo yao wenyewe, Oh Boy Records. Siku hizi msanii kujiuzia kazi ni jambo la kawaida; wakati ule kuyapa mgongo makampuni makubwa kulionekana kama kujizika. Mashabiki walimtumia hundi kulipia albamu kabla haijarekodiwa. Ndivyo "Aimless Love" (1984) ilivyopatikana.

"German Afternoons" (1986) ndiyo ya kukaa nayo katika kipindi hiki. Ina country ya ndani kabisa na inasikika kama imerekodiwa sebuleni jioni. "Speed of the Sound of Loneliness" unahusu mtu anayempenda mwenzake asiyetulia. Nanci Griffith aliuimba baadaye na Prine akiwa pembeni yake. Humo pia mna "I Just Want to Dance with You", alioandika na yule yule Roger Cook. George Strait aliufikisha kileleni mwaka 1998. Ukiucheza nyumbani usishangae mama akisema anaujua.

Hatua ya 8: 1991 na 1995

Baada ya miaka mitano bila albamu ya nyimbo mpya alikuja na "The Missing Years" (1991), ikiandaliwa na Howie Epstein, mpiga besi wa bendi ya Tom Petty. Ilimpa tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Utasikia sauti za Bruce Springsteen, Bonnie Raitt na Tom Petty zikimsindikiza, lakini usiende kuwatafuta. Nenda moja kwa moja kwenye "All the Best". Ni wimbo wa mtu aliyeachwa akimtakia mwenzake kila la heri, na ndani ya kila heri mna mwiba mdogo. Hesabu miiba yenyewe. Wimbo wa mwisho unabuni Yesu alifanya nini miaka ambayo Injili haisemi. Msomaji wa imani thabiti anaweza kuuona mzaha uliovuka mpaka. Mimi nauona kama kijana wa kijijini anayemtafuta Yesu aliye binadamu, lakini uamuzi ni wako.

"Lost Dogs and Mixed Blessings" (1995) ina "Lake Marie", na huu unahitaji nusu saa yako. Beti tatu ni za kusemwa, si kuimbwa. Ya kwanza ni hadithi ya kale ya Wahindi Wekundu na watoto wawili wa kike walioachwa kando ya maziwa mawili kwenye mpaka wa Illinois na Wisconsin. Ya pili, mume na mke wanaojaribu kuokoa ndoa yao kwa kwenda kuvua samaki hapo hapo. Ya tatu, miili miwili imekutwa msituni na televisheni inaonyesha damu kwa rangi nyeusi na nyeupe. Kati ya hadithi hizo kiitikio ni kile kile, kitamu, watu wamesimama kando ya maji yenye amani. Sikiliza mara ya kwanza kiitikio tu. Mara ya pili hadithi tu. Mara ya tatu vyote, na ujionee jinsi maneno yasiyobadilika yanavyobadilika maana kila yanaporudi. Usitafute jibu la nani aliua.

Hatua ya 9: Sauti mpya

"In Spite of Ourselves" (1999) ni albamu ya kwanza baada ya upasuaji. Ni nyimbo za zamani za country anazoimba na wanawake: Iris DeMent, Emmylou Harris, Lucinda Williams, Connie Smith na wengine. Wa kwake ni mmoja tu, wenye jina la albamu, na una maneno ya chumbani, kwa hiyo usiucheze mbele ya wakwe. Anavyopokezana na DeMent ni kama wanandoa wa miaka arobaini wanaochambana mbele ya wageni na hakuna anayekasirika. Albamu hii ni mlango pia: ukiipenda sauti ya mmoja wa hao wanawake, mfuate kwenye albamu zake, kisha urudi.

"Fair & Square" (2005) ilimpa Grammy nyingine. Hapa ameshaizoea sauti mpya, hapigani nayo. Tafuta "Long Monday".

Hatua ya 10: Jukwaani, na wimbo mmoja mara mbili

Prine wa jukwaani anazungumza kati ya nyimbo, na mazungumzo yenyewe ni nusu ya mali. "John Prine Live" (1988) ndiyo ya kuanzia. Kisha "The Singing Mailman Delivers", iliyotolewa 2011 lakini ina rekodi za 1970, kabla hajawa na mkataba. Jina linatokana na makala ya Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, ambaye Oktoba 1970 aliandika kuhusu mpeleka barua anayeimba. Utasikia nyimbo za albamu ya kwanza zikiwa mbichi, na kijana asiyejua kama kesho ataamkia posta au la.

John Prine alifariki Nashville tarehe 7 Aprili 2020, akiwa na miaka 73, kwa ugonjwa wa UVIKO-19. Juni mwaka ule ukatolewa wimbo wake wa mwisho, "I Remember Everything".

Kabla ya huo, fanya zoezi moja. Mwaka 2000 alitoa "Souvenirs", akarekodi upya nyimbo zake za zamani kwa sauti ile iliyopita kwenye mionzi. "Hello in There" imo. Panga kwenye simu yako ile ya 1971, halafu hii ya 2000, zifuatane bila pengo. Sikiliza pale anapomtaja Davy. Ya kwanza anaimba kijana aliyewaona wazee vyumbani mwao. Ya pili anaimba mtu wa miaka hamsini na kitu aliyetoka hospitali, na zamu hii, kabla ya kusema haidhuru tena, anachukua pumzi.